Chuma cha Kusikilizia

Ko. Ko. Ko-ko. Kisha mluzi mwembamba wa breki, kisha tena ko.

Nilikuwa nimelala chali chini ya gari jingine, mbele ya macho yangu gia boksi na matope tu, lakini nilijua ni nani anayeingia. Lori lile tulilipa jina la Shangazi kwa sababu halipiti mahali bila kulalamika, na ukilikosea halisahau. Siku hiyo lilikuja na lalamiko jipya. Chini ya mngurumo wake tuliouzoea palikuwa na kitu kinagonga, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa akiomba afunguliwe.

Nilijisukuma nje mbiombio. Nilitaka niwe wa kwanza kulifikia. Nikachelewa. Shemeji yangu alikwisha kusimama langoni, anamwelekeza dereva kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayeita paka.

Huyo ndiye aliyemwoa dada yangu. Gereji nzima walimwita Mpole, na mimi waliniita Kiberiti, na kama unataka kujua watu walivyotupima, majina hayo yanatosha. Alikuja kwetu akiwa mkwe, akaomba kazi, Baba akampa. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni bega.

Baba alikuwa fundi wa masikio. Mafundi wengine wa mtaa ule walifungua injini kwanza, wakafikiri baadaye. Baba alikuwa na chuma chembamba, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kilichong'aa kwa kushikwa. Ncha moja aliigusisha kwenye injini, nyingine aliiweka sikioni, na akikaa hivyo kidogo alikutajia ugonjwa na mahali ulipojificha. Watu walileta malori kutoka mbali kwa ajili ya chuma kile. Mimi nilikulia kando yake. Kabla sijajua kusoma nilijua valvu iliyolegea hulia vipi na beringi iliyolika hulia vipi. Hata nilipokuja kujifundisha mashairi mwenyewe, mizani haikunisumbua. Kuhesabu mapigo nilikuwa nimekwisha kujifunza chini ya boneti.

Sasa, Mpole alipokuwa ameshazoea kwetu, mambo mawili yalibadilika. La kwanza, Baba aliacha kuweka chuma sikioni akaanza kukiuma. Alikibana kwa meno ya mbele, akafumba macho. Wateja wakasema mzee amepanda daraja. Mimi nikajaribu kwa siri kumwiga, injini ikaruka, jino langu likamegeka, na nikawaambia nyumbani kwamba nimeng'ata mfupa. La pili ndilo bega. Kila Baba alipouma chuma, Mpole alisimama nyuma yake na kumwekea mkono begani. Mkono wenyewe haukutulia. Mara kiganja kizima kiligonga taratibu, mara kidole kimoja tu, haraka haraka. Na Baba alitikisa kichwa kuitikia, kama watu wawili walio kwenye mazungumzo ambayo mimi sikualikwa.

Maisha yangu yote sikuwahi kuliwekea mkono bega lile. Nisingethubutu. Huyu wa kuja alilishika kama mkono wa kiti.

Dereva wa Shangazi alikuwa mama mmoja mpana wa mabega tuliyemwita Kamanda. Alishuka, akaufunga mlango kwa nyonga, akaanza hata kabla ya salamu.

"Mniangalizie huyu bibi yenu. Asubuhi nikimwasha, sindano ya oili iko juu, heshima tupu. Akishapata moto, sindano inalala. Inalala kabisa. Na nguvu hana. Jana kwenye mlima wa machimbo nimepanda na gia namba mbili, mkokoteni umenipita. Mwenye mkokoteni akanipungia mkono."

"Ulimjibu?" nikamuuliza.

"Nilimpungia na mimi. Ningefanyaje?"

"Oili anakunywa?" Mpole aliuliza kwa ile sauti yake ya mtu aliye msibani.

"Hata tone. Zamani kila safari nilimwongezea. Siku hizi ameacha ulevi. Kijiti nikikichomoa, oili iko pale pale, tena tele."

Tulicheka wote. Hata Baba alicheka, ingawa alichelewa kidogo, baada ya kututazama nyuso. Neno lile lilikuwa limebeba ugonjwa mzima wa Shangazi, na sisi tuliosifiwa kwa masikio tulilicheka likapita.

Baba akafunua boneti, akauma chuma. Mpole akaenda kwenye bega lake. Kiganja: du, du, du. Baba akaitikia. Kidole: ti-ti-ti. Baba akatikisa kichwa kukataa, akahamisha ncha ya chuma chini zaidi. Nilisimama upande wa pili na spana mkononi nikijifanya nakaza kitu kisichohitaji kukazwa.

Baba alipoinuka alikipangusa chuma kwa kitambaa, kama kawaida yake, akasema maneno ambayo nilikuwa nayasubiri tangu nilipoota ndevu.

"Huyu akitoka hapa mzima, chuma hiki kitabadilisha mkono. Mimi nimechoka kuinama."

Hakusema mkono wa nani. Nilimtazama Mpole. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikajiambia: mtu asiyetaka kitu haoni haya namna ile.

Kazi ya presha ya oili ina taratibu zake, na mimi nilizifuata vizuri ili lisije likasemwa neno. Kwanza usiiamini geji. Lori la umri ule, geji yake huweza kusema uongo kwa sababu tu waya umechakaa. Nilifungua kihisio kilichokaa ubavuni mwa injini, nikafunga mahali pake geji yetu ya mkono, ile yenye mpira mrefu na kioo kilichopasuka, kisha nikaliwasha. Baridi, sindano ikapanda. Tukaliacha lingurume mpaka likapata moto. Sindano ikashuka taratibu, ikaendelea kushuka, ikakaribia kulala. Basi geji ya lori haikudanganya. Shangazi alikuwa anaumwa kweli.

Mpole akabadilisha filta ya oili. Mimi nikafungua filta ya hewa, nikaipuliza, nikabadilisha na filta ya dizeli, maana nguvu zake pia zilikuwa zimepotea na hatukujua kama ni ugonjwa mmoja au mawili. Tulifanya kazi ubavu kwa ubavu bila kusemezana, isipokuwa "nipishe" na "shika hapo". Tukaliwasha tena. Hakuna kilichobadilika. Ko. Ko. Ko-ko.

Tulipolizima, nikangoja oili itulie, nikachomoa kijiti cha kupimia. Nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imevuka alama ya juu kwa upana wa kidole kizima.

Nikatazama huku na huku. Mpole alikuwa ananawa mikono penye pipa. Yeye ndiye aliyebadilisha filta. Basi ni yeye aliyeongeza oili, na ameongeza kama mtu anayemwagilia bustani. Fundi yeyote anajua oili ikizidi hivyo hupigwa na krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, ikatoa povu, na povu halina presha. Kwa hiyo kipimo chetu cha pili kilikuwa kimeharibiwa na mkono ule ule unaopapasa mabega.

Ningemwita pale pale. Ningesema, "Shemeji, hebu njoo uone." Nilikirudisha kijiti mahali pake polepole, nikayafunga maneno yangu kwenye kitambaa kama mtu anayehifadhi kipande cha nyama. Nilitaka yale maneno yatoke mbele ya Baba, na mbele ya mteja, saa ambayo yatachoma.

Badala yake nilichukua chaki. Kazi yangu nyingine gerejini ilikuwa kuandika nyuma ya malori. Madereva walipenda mistari yangu, na nusu ya malori ya njia ile yalitembea na maneno yangu mgongoni. Ukuta wa gereji nao ulikuwa wangu. Nikaandika juu ya rafu ya matairi:

*Mkono wake laini, wa kupapasa mabega,*
*Akishika nati chini, nati hugeuka mboga.*

Mafundi wa jirani walikuja kusoma, wakacheka mpaka wakashikana. Mpole naye alisoma. Akasimama pale muda, akahesabu kwa vidole.

"Mizani imekaa," akasema, akarudi kazini.

Ningefurahi kama angenirushia nyundo.

Dada yangu ndiye aliyekuwa na duka la vipuri mbele ya gereji, chumba kimoja chenye dirisha la nondo na rafu hadi darini. Nilipopita alinichapa kwa ufagio wa vumbi.

"We mtoto, umeandika nini kuhusu mume wangu?"

"Sikutaja jina."

"Hapa mwenye mkono laini ni nani mwingine? Wewe? Hebu nione." Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akauachia. "Futa kabla Mama hajapita. Na ukimaliza, jifute na wewe."

"Amekufundisha kumtetea?"

"Hahitaji kutetewa. Ndiyo maana unaumia."

Sikufuta.

Baada ya chakula cha mchana Baba alituita penye Shangazi. Kamanda alikuwepo, amekaa juu ya tairi, anajipepea kwa kipande cha boksi. Baba akasikiliza mara ya mwisho, na mkono begani. Kiganja tupu safari hii: du, du, du. Akakitoa chuma mdomoni.

"Ni chini," akasema. "Beringi za krenki. Tunashusha injini."

Kamanda akaacha kujipepea. "Kushusha kabisa? Fundi, huyu ndiye mume anayenilisha. Akilala wiki, na mimi nalala."

"Akitembea hivi atakufa barabarani, mama. Krenki ikikatika hutampata tena."

Mimi sikuamini ni beringi. Niliamini ni pampu ya oili. Lakini, niseme ukweli, wakati ule sikuwa natetea pampu. Nilikuwa natetea nafasi yangu. Nikaona chuma kinakwenda mkono mwingine mbele ya macho yangu, na bega nalo, na gereji yote, na mimi nimebaki kuandika nyuma ya malori ya watu.

"Baba," nikasema, "usishushe injini kwa kipimo kilichoharibika. Muulize mkweo ametia oili kiasi gani."

Baba alikuwa amenigeuzia mgongo, anapangusa chuma. Hakugeuka.

"Kijiti kimevuka alama kwa kidole kizima. Amejaza mpaka inatoa povu. Tangu abadilishe filta tunasikiliza povu lake tu."

Baba akaendelea kupangusa. Kutoka ncha hadi ncha, taratibu, kama niliyesema ni inzi.

Damu ilinipanda. Nimedharauliwa na watu wengi na nimewajibu wote, lakini dharau ya mgongo wa baba yako haina jibu. "Baba, nasema na wewe," nikapaza sauti. Mgongo ule ule. Nikainua spana kubwa iliyokuwa mkononi mwangu nikaitupa kwa nguvu zangu zote kwenye pipa tupu lililokuwa nyuma yake.

Mlio wake ulifika mtaa wa pili. Kamanda aliruka kutoka kwenye tairi. Mpole alikunja mabega. Paka aliyekuwa amelala ndani ya kabini alitoka kwa dirisha kama amerushwa. Dada alichungulia kwenye nondo.

Baba akaukunja upande safi wa kitambaa, akaendelea kupangusa chuma.

Hakushtuka. Hata ukope. Pipa lilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, bado linalia, na yeye alikuwa anatazama ncha ya chuma kama kuna doa dogo linamkera.

Nilisimama na mkono wangu bado uko hewani. Mambo yote yakanijia kwa pamoja, na kila moja likanipiga: cheko lake la kuchelewa. Namna anavyotutazama midomo. Chuma kuhama kutoka sikioni kwenda menoni, ili mfupa umwambie kile ambacho sikio halimwambii tena. Na kiganja kile, na kidole kile. Kiganja kwa mlio mzito, wa chini. Kidole kwa mlio mwepesi, wa juu. Mtu anamgongea mwenzake injini, pigo kwa pigo, na mimi nimesoma mapigo tangu utotoni na sikuweza kusoma yale.

Mpole akamgusa Baba begani. Baba akageuka, akaona nyuso zetu, akaona spana chini.

"Kuna nini?"

Mpole ndiye aliyezungumza, lakini alinitazama mimi kwanza.

"Shemeji, mimi sikuongeza oili. Nilijaza filta tu, basi. Nilikiona kijiti kabla ya kuifungua, ilikuwa imezidi tayari. Nikadhani ni wewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungewaka."

Hapo hata Kamanda aliguna. Mpole akamgeukia Baba, akasema kwa mdomo mpana, taratibu: "Oili imezidi. Hakuna aliyeongeza."

Baba hakuuliza mara mbili. Alichomoa kijiti, akachukua tone, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Likateleza kama maji. Akanusa. Kisha akaniletea mimi vidole vyake puani.

"Sema."

"Dizeli," nikasema.

Alikuwa ameutazama mdomo wangu. "Dizeli," akarudia.

Na mara hiyo, ndani ya hasira na aibu yangu, nikaiona njia yote, na ninajivuna kwamba niliiona kabla yao. Shangazi hakuacha ulevi. Alikuwa anaunguza oili kama kawaida yake, lakini kuna kitu kilikuwa kinamjazia kwa mlango wa nyuma. Magonjwa hayakuwa mawili. Dizeli iliyotakiwa kwenda kuchomwa ilikuwa inakwenda kwingine. Ndiyo maana nguvu hakuna. Na kule inakokwenda inaifanya oili kuwa nyepesi. Ndiyo maana presha inalala injini ikipata moto, na vyuma vinagongana bila godoro. Beringi zililia kweli. Baba na Mpole walisikia sawa. Ila tungeshusha injini, tukaweka beringi mpya, tukafunga, na dizeli ingezila hizo mpya vile vile.

"Pampu ya kuvutia dizeli," nikasema, nikasogea mbele ya Baba ili anione vizuri. "Ile ndogo, ya ubavuni. Kiwambo chake kimepasuka, dizeli inamwagikia kwenye oili."

Akanipisha.

Boliti mbili tu. Niliitoa pampu, nikaifungua juu ya meza, na kile kipande cha mpira cha ndani, cha ukubwa wa sahani ya kikombe, kilikuwa kimechanika kama mdomo unaotabasamu. Kamanda alikitazama muda mrefu.

"Kidude hiki ndicho kilichofanya nipitwe na mkokoteni?"

"Ndicho."

"Nipeni nikitundike kwenye kioo. Kila nikikiona nisijivune tena kwamba sinunui oili."

Nilikwenda dukani kwa dada kutafuta kiwambo kipya. Aliniona usoni akajua. Akapanda ngazi ya rafu, akaanza kupekua maboksi, mgongo wake kwangu. Kwetu siku hiyo kila mtu alikuwa na mgongo.

"Nani mwingine alijua?" nikauliza.

"Mimi. Mama. Mume wangu."

"Na paka?"

"Paka alijua kabla yetu. Baba anamkanyaga mkia, na hata akilia hasikii."

"Mimi ndiye mtoto wake wa kiume. Mgeni anaambiwa, mimi nafichwa."

Alishuka na boksi mkononi. "Hakuambiwa. Siku moja lori lilirudi nyuma likipiga honi, Baba akabaki amesimama. Mume wangu akamvuta shati. Hakuuliza kitu. Siku iliyofuata alimwekea mkono begani na kuanza kumgongea. Baba alilia, mdogo wangu. Mimi nilikuwa dirishani hapa, nikamwona."

Ningependa kusema kwamba maneno yale yaliniondolea wivu. Yaliuongeza. Kuwa umefichwa ni jambo moja, unaweza kulalamika. Lakini huyu alikuwa ameona tu, kwa macho yake, wakati mimi nilikuwa pale pale nikihesabu mara ngapi mkono wake umegusa bega. Niliuona mkono, sikumwona Baba.

"Kwa nini hakutaka nijue?"

Dada alipuliza vumbi kwenye boksi. "Alisema: huyo nikimwambia asubuhi, jioni niko nyuma ya lori, ninazunguka nchi nzima na vina vyangu."

Nilicheka. Kisha nikajikuta sicheki. Nikachukua kiwambo, nikarudi gerejini, na nikiwa njiani nikapita kwenye rafu ya matairi na kufuta ukuta kwa kiganja changu. Chaki haikutoka yote. Neno *mboga* lilibaki.

Tulimwaga oili yote ya Shangazi. Ilitoka nyepesi, nyeusi, inakimbia kama iliyoshtakiwa. Nilifunga pampu. Mpole alibadilisha filta upya na kutia oili mpya, akaniita nisome kijiti pamoja naye, kichwa kwa kichwa. Hapo kwenye alama, wala chini wala juu.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Usije ukasema baadaye."

Ulikuwa ni utani wake wa kwanza kwangu. Sikumrudishia, lakini niliuhifadhi.

Kamanda akapanda kabini, akawasha. Shangazi alikohoa, akatoa moshi, akashika. Tulimwacha angurume mpaka apate moto, wote tunatazama geji ya mkono. Sindano ilishuka kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitini, ikasimama. Ikakaa hapo. Kamanda alikanyaga mafuta, na ule mngurumo mnene ukajaa paa la mabati. Ile ko-ko ilikuwa imepungua, lakini haikuisha yote. Lori la umri ule haliwezi kuwa bubu.

Baba akachukua chuma. Nilijua sasa ndiyo saa yenyewe. Nikajifuta mikono kwenye suruali. Moyo wangu ulikuwa unapiga vibaya kuliko injini ile ilivyokuwa asubuhi.

Akampa Mpole.

Hakutoa hotuba. Alimwekea mkononi tu, kama mtu anayempa mwenzake kikombe. Mpole akakipokea kwa mikono miwili, akanitazama kwa hofu, na nadhani alikuwa anangoja niwake. Nami nilikuwa karibu. Mimi ndiye niliyesema pampu. Mimi ndiye niliyezaliwa kando ya chuma kile.

"Sikiliza wewe," Baba akamwambia mkwewe. "Ncha weka sikioni. Wewe unayo masikio, usiige mambo ya meno."

Halafu akanigeukia mimi. Alinitazama mdomoni, penye jino lililomegeka, na ninaamini alijua tangu zamani kwamba ule haukuwa mfupa.

"Na wewe njoo hapa nyuma," akasema. "Huyu atasikiliza. Mimi nani ataniambia?"

Nilikwenda. Mpole aliinama juu ya injini, chuma sikioni kama Baba alivyokuwa zamani. Baba alisimama amempa mgongo kila mtu, anangoja. Niliinua mkono wangu na sikujua niuweke vipi. Nikauweka. Lilikuwa jembamba, lile bega. Kwa miaka yote niliyoliona likiwa mikononi mwa mtu mwingine nilidhani ni bega nene.

Nikasikiliza. Chini, mlio mzito ulikuwa bado upo, dhaifu, unakuja na kupotea. Na kichwani mwangu nikasikia tayari kishawishi cha kuupamba: nimpe Baba mlio mtamu, umfurahishe, au nimpe mlio utakaoonyesha kwamba beringi walizozisikia yeye na Mpole hazikuwa kitu kabisa, na mshindi nilikuwa mimi. Bega lile lingeamini chochote ambacho kiganja changu kingeliambia.

Nikautoa mkono. Nikamzunguka, nikasimama mbele yake ambapo angeweza kunisoma, injini ikinguruma kati yetu na Mpole akiwa ameinua kichwa kusikiliza.

"Baba," nikasema kwa sauti, kila neno peke yake, "nitakugongea kile ninachokisikia, na sitaongeza hata pigo moja la kwangu."